Samaki wa baharini mjini Kampala: kuchagua wakaazi wa tangi dogo la maji chumvi

Simu huwa ni ile ile. Mtu ameona tangi la samaki wa baharini kwenye ukumbi wa hoteli, rangi zimemwingia kichwani, kesho yake yuko kwa fundi wa vioo. Wiki mbili baadaye ananipigia: "Mzee, samaki wa Mombasa wanafika Ijumaa. Nichukue wepi?" Namwuliza tangi lina lita ngapi. Hajui. Maji yameiva? "Yameiva vipi tena, mzee? Si ni maji?" Basi nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, maana nimechoka kuyasema nusu nusu nikiwa juu ya boda.

Jambo moja ulijue mapema. Anayefuga Nyali kule Mombasa au Dar es Salaam akikosea samaki, ana wavuvi na wafugaji wenzake wa kubadilishana nao jioni ile ile. Sisi bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja, na boksi likishavuka mpaka wa Malaba halirudi. Kwa hiyo kuchagua kwetu ni kazi ya kalamu na karatasi, na iishe kabla mtu wa pwani hajafunga mfuko. Ukingoja uchague kwa macho, boksi liko wazi mbele yako, umeshachelewa.

UWE NA HIVI KWANZA

- Tangi la lita 80 hadi 120 lenye kifuniko cha wavu. Dogo zaidi ya hapo linawezekana, ila maji machache huharibika upesi na anayeanza hapati muda wa kurekebisha.

- Chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, gramu 35 na ushei kwa kila lita. Ya jikoni hapana. Ya Ziwa Katwe pia hapana. Hili la Katwe huniuliza watu wa Kasese kwa fahari kabisa, nami sipendi kuwavunja moyo, lakini maji ya ziwa lile yamejaa magadi na salfeti, na ni maskini wa kalsiamu na magnesiamu ambazo konokono na matumbawe wanajengea miili yao. Katwe itakayokufaa ni ile ya Kampala, ya mafundi chuma, wakutengenezee stendi imara. Lita 100 za maji ni kilo 100, bado kioo na mawe.

- Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa riversi osmosisi. Ya bomba yana klorini, na ya mvua yanayoteremka kwenye mabati hubeba zinki, ambayo kamba na konokono hawaivumilii. Viwanda vidogo vya maji ya kunywa vitakujazia jerikani. Waulize kama wanarudishia madini, na uchote kabla hawajarudishia.

- Refraktomita ya kupima chumvi, na vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na pH (kipimo cha ukali wa asidi).

- Hita ya wati 100 na kipimajoto. Watu hucheka: hita hapa kwenye ikweta? Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na Kabale ndiyo usiseme. Samaki wa matumbawe wanataka 25 au 26, mchana na usiku.

- Pampu ndogo mbili za kuchochea maji. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani, na maji chumvi tayari hushika kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Uso wa maji uwe unacheza saa zote.

- Pampu ya hewa inayotumia betri. Sababu yake unaijua. Umeme wa kwetu huondoka bila kuaga.

- Beseni kubwa la plastiki, lita 30 au 40, kwa ajili ya karantini, yaani kuwatenga wageni kabla ya kuingia tangini. La soko la Kikuubo linatosha, mradi ni jipya na halijawahi kuonja sabuni.

HATUA KWA HATUA

1. Jua lita zako za kweli

Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112 kwenye hesabu. Toa mawe, toa mchanga, toa nafasi uliyoacha juu: unabaki na 85 au 90. Hiyo ndiyo namba yako, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tangi la kiasi hicho hubeba samaki wadogo watatu au wanne. Najua unafikiria kumi. Jirani yako wa maji baridi ana kumi na tano na wanaishi, lakini hayo ni mambo ya maji baridi.

2. Hakikisha tangi limeiva

Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Kuwaotesha bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita. Weka kipande cha kamba mbichi kioze ndani, au tia amonia safi isiyo na manukato, upime kila baada ya siku mbili.

Uko tayari pale ambapo amonia uliyotia leo inasoma sifuri kesho saa kama hii, na naitraiti sifuri pia. Chumvi isome 1.025 kwenye refraktomita, pH iwe kati ya 8.1 na 8.4, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita.

Kosa la kawaida: kununua samaki wa bei rahisi "wa kuivishia maji". Huyo samaki anaungua matamvua siku kwa siku, na akipona ndiye atakayekuwa mwenye nyumba. Hadithi yake iko hatua ya nne.

3. Andika wakaazi wa mwisho kabla ya kumnunua wa kwanza

Kwa kila unayemtamani, jaza mambo manne: akikomaa ana urefu gani, anakula nini, anakaa sehemu gani ya tangi (juu, katikati, mchangani, pangoni), na anagombana na nani. Usijaze urefu wa dukani. Dukani wote ni watoto.

Hawa ndio ninaowakubali kwa lita 90:

Moli. Ndiyo, yule yule wa maduka ya maji baridi ya Kampala. Watu hawaamini, lakini moli anahamia maji chumvi kabisa ukimzoesha taratibu: muweke ndooni na maji yake, umdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa saa sita hadi nane. Anakula mwani, hachokozi, na kwa kuwa hakulelewa baharini haleti vimelea vya baharini. Kwa anayeanza ndiye mwalimu wa bei nafuu kuliko wote. Shida yake ni moja: akizaa hakomi.

Klaunifishi. Kuna wengi, na jina moja linaficha tofauti kubwa. Wa kwetu Afrika Mashariki ni Amphiprion allardi, mwenye mistari miwili myeupe, ambaye hufika sentimita 14 na hana masihara na jirani, na Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, mpole kidogo. Kwa tangi dogo mimi huchagua Amphiprion ocellaris wa Asia, aliyezalishwa matangini: jike hufika sentimita 9 hivi, na waliozalishwa hula chakula cha makopo tangu siku ya kwanza. Nunua wawili wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Wote huanza maisha kama madume. Mkubwa atageuka jike, mdogo abaki dume, na ndoa imefungwa. Usinunue wakubwa wawili wasiojuana, hao wote wanaweza kuwa majike na watauana. Na hapana, hawahitaji anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo klaunifishi hujificha.

Gobi mlinzi na kamba wake. Huyu ndiye kipenzi changu, nivumilie. Gobi wa kundi la Amblyeleotris huishi shimo moja na kamba mchimbaji wa kundi la Alpheus. Kamba haoni vizuri, gobi anaona. Kamba kutwa anachimba na kutoa mchanga kama trekta, kipapasio chake kimoja kimegusa mkia wa gobi aliyesimama mlangoni. Gobi akitikisa mkia, kamba anarudi ndani. Akizama gobi mwenyewe, ujue hatari ni kubwa. Nimeketi mbele ya tangi saa nzima nikiwatazama hao wawili, chai ikapoa. Wanataka mchanga wa sentimita 5 uliochanganywa na vipande vidogo vya matumbawe, na mawe yakae juu ya sakafu ya kioo, si juu ya mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake na jiwe litamwangukia. Waombe waje mfuko tofauti, ila boksi moja.

Nemateleotris magnifica. Mbele mweupe, mkia mwekundu kama kaa la moto, na unyoya mrefu wima mgongoni. Sentimita 8 au 9, mpole, mwoga. Mmoja tu. Huyu huruka, bila kifuniko utamkuta sakafuni asubuhi amekauka kama mukene, dagaa wa ziwani.

Kardinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, mwenye asili ya visiwa vya Banggai huko Indonesia. Sentimita 8, husimama mahali pamoja kama askari wa gwaride. Dume huatamia mayai mdomoni na hali chakula siku zote hizo. Chukua mmoja, au jozi iliyokwisha kujuana. Madume wawili kwenye lita 90 ni vita.

Ukiniuliza mimi: jozi ya ocellaris, gobi mmoja na kamba wake, Nemateleotris mmoja. Samaki wanne. Funga daftari.

4. Futa majina yasiyofaa, hata kama ni mazuri

Sisi wa ziwa hili tusingehitaji somo. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na spishi mamia za nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, zikatoweka au zikabaki kidogo sana, kwa sababu ya mdomo mmoja mkubwa kuliko wenzake. Tangi lako ni ziwa la mita moja. Kwa hiyo chewa, mkunga na kikande, kwaheri. Bunju naye atawatafuna konokono na kamba wote uliowalipia nauli.

Wengine wanafutwa kwa ukubwa. Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, dukani ana sentimita 5 na anapendeza. Akikomaa anafika 30. Kangaja wote ni waogeleaji wa masafa.

Wengine wanafutwa kwa njaa, na hili ndilo huwaumiza wanaoanza, kwa sababu samaki anafika mzima kisha anakonda mbele ya macho yako. Samaki vipepeo wengi hula matumbawe hai. Synchiropus splendidus, yule wa rangi za kitenge, hula vidudu vya mawe usivyoviona, na tangi changa halina vya kumtosha. Labroides dimidiatus, msafishaji wa samaki wenzake, anaishi kwa vimelea vya wateja. Wateja wanne hawamtoshi. Hata bleni mla mwani, Salarias fasciatus, msubirishe hadi mwani uwe mwingi kweli.

Na mmoja anafutwa kwa sumu: kiboksi cha njano, Ostracion cubicus. Akishtuka sana au akifa anaweza kumwaga sumu inayoua tangi zima usiku mmoja.

Sasa hadithi yangu. Mwaka wangu wa kwanza muuzaji aliniambia Dascyllus trimaculatus, mweusi wenye madoa meupe, ni "mgumu, hafi". Kweli hakufa. Ila kila niliyemleta baada yake aliishi kwenye kona ya hita, mapezi yamechanika kama bendera ya zamani. Kumkamata nilitoa mawe yote, nikachafua mchanga, amonia ikapanda, na katika vurugu hiyo nikapoteza wawili ambao sikukusudia kuwagusa. Naye akabaki mzima.

5. Chagua wasio na uti wa mgongo

Hawa ni wepesi kuliko samaki kwa uchafu wanaotoa, lakini ni dhaifu kwa chumvi inayopanda na kushuka, na shaba huwaua hata ikiwa kidogo.

Anza na konokono. Trochus kwa mwani wa vioo na mawe, na Nassarius kwa mabaki yaliyozama mchangani. Kwa lita 90 sita au wanane wanatosha. Wauzaji watakuambia thelathini, kisha ishirini na wawili wafe njaa na kuoza. Ongeza wawili au watatu wa wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Mimi huwaita kaa wapangaji. Waachie magamba matupu makubwa kidogo ya kuhamia, la sivyo watamwua mwenye nyumba wamchukulie nyumba.

Swali linalokuja kila mara: je, nichukue konokono wa ziwani Ggaba? Usifanye hivyo. Ni wa maji baridi, watakufa tangini ndani ya saa chache, na baadhi ya konokono wa Ziwa Victoria ndio wanaobeba kichocho. Waache huko huko.

Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mstari mweupe katikati ya mgongo mwekundu, ni mzuri kwa kila hali. Wawili wanaishi pamoja bila ugomvi. Stenopus hispidus, mwenye pingili nyekundu na nyeupe kama kijiti cha kinyozi, awe mmoja tu.

Matumbawe laini kama zoanthidi na uyoga wa bahari yanaweza kuja baada ya miezi mitatu au minne ya utulivu. Hapa kuna onyo la maisha yako wewe, si la samaki: baadhi ya zoanthidi, hasa Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani, usiyaguse ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe jiwe lililotoka tangini. Mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitali.

Hawa waache: anemoni kabla ya miezi sita hadi mwaka, kiti cha pweza cha buluu (Linckia) ambaye hufa njaa polepole, jongoo bahari ambaye akifa anaweza kutoa sumu, na pweza, ambaye ni mwerevu kuliko kifuniko chako. Na ukiwa likizo pwani usiokote kombe lenye umbo la pia lililo hai. Konokono wa kundi la Conus hudunga kwa sumu, na baadhi yao huua watu. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite, kuokota chochote ni kosa.

6. Panga zamu ya kuingia

Wasafishaji kwanza, yaani konokono na kaa wapangaji. Baada ya wiki mbili kamba. Kisha samaki waoga, halafu wapole, na mwisho kabisa wenye ukali. Kwa orodha yangu: Nemateleotris, halafu gobi na mwenzake, mwisho klaunifishi. Kati ya zamu na zamu ziwe wiki tatu au nne, bakteria waongezeke kulingana na mzigo.

Ubaya wa Uganda ni kwamba mzigo hauji kila wiki, basi mtu anataka kumaliza orodha yote kwa boksi moja ili aokoe nauli. Afadhali mchange boksi moja wafugaji watatu, kila mmoja achukue zamu yake.

7. Mhoji muuzaji

Maswali yangu ni haya: Samaki amekaa kwako siku ngapi? Anakula nini, na umemwona akila leo? Maji yako yana chumvi kiasi gani? Umetumia dawa ya shaba? Alivuliwa kwa wavu au kwa dawa? Hili la mwisho hasa kwa wanaotoka Ufilipino na Indonesia, ambako sayanidi imetumika. Samaki aliyevuliwa hivyo huonekana mzima kisha hufa wiki chache baadaye. Omba video fupi ya samaki mwenyewe akila. Si picha ya mtandaoni.

Kuhusu karatasi: viumbe hai wa majini huingia nchini kwa kibali na cheti cha afya, na mambo ya uvuvi yako chini ya wizara ya kilimo, makao yake Entebbe. Matumbawe magumu, kombe kubwa za Tridacna na farasi wa baharini wote wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Uganda imejiunga nao, kwa hiyo wanahitaji vibali vya ziada. Muuzaji akikuambia "hiyo tutaipitisha tu", tafuta mwingine.

8. Boksi likifika

Hapa ndipo mazoea mabaya yanaua. Samaki aliyesafiri mchana na usiku amepumua ndani ya mfuko, gesi ya ukaa imejaa, pH imeshuka. pH ikiwa chini, amonia iliyomo haina makali. Ukifungua mfuko gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile inageuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ile desturi ya kufungua mfuko na kudondosha maji kwa saa mbili inafaa kwa samaki wa mtaa wa pili. Wa Mombasa inamwunguza.

Fanya hivi. Siku moja kabla, tengeneza maji ya karantini yenye chumvi sawa na ya muuzaji; ndiyo maana ulimwuliza. Mfuko ukiwa bado umefungwa, uelee dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Fungua, pima chumvi haraka, kama inakaribiana mhamishe samaki mara moja kwa kikombe au kwa mkono uliolowa. Maji ya mfuko yamwage, yasiguse tangi. Taa zizimwe.

Kamba na konokono wafanyiwe vivyo hivyo, wakute chumvi ya mfuko wao ikiwangoja kwenye beseni lao. Tofauti ni baada ya hapo: kuwapeleka kwenye chumvi ya tangi lako kufanyike tone kwa tone, saa moja au mbili, na wakishindwa kusimama punguza kasi.

9. Karantini, wiki nne

Najua utairuka. Kila mtu huiruka mara moja.

Samaki wakae kwenye beseni lao na hita, chujio la sponji lililokaa wiki chache ndani ya tangi kubwa, na kipande cha bomba la PVC la kujifichia. Unatafuta vidoa vyeupe kama punje za chumvi, vumbi la dhahabu mwilini, kupumua haraka, kujikuna kwenye bomba, na kwa klaunifishi hasa, utelezi mweupe unaobanduka kama ngozi. Huo wa mwisho huua kwa siku mbili tatu, usingoje kesho. Dawa ya shaba itumike hapa tu, samaki peke yao, kwa kipimo cha shaba mkononi. Beseni lililowahi kutiwa shaba lisiwahi tena kupokea kamba.

10. Waingize

Usiku, taa zimezimwa, baada ya kuwalisha waliomo. Ukiona mwenyeji anashambulia, badilisha mpangilio wa mawe mawili matatu ili wote wawe wageni. Lisha kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili: kamba wa baharini walioganda, waliokatwa vipande vidogo na wasiotiwa chumvi, pamoja na punje nzuri za makopo. Mukene si mbaya siku moja moja, lakini ni samaki wa maji baridi, usimfanye ugali.

PAKIHARIBIKA

Samaki mpya hali. Siku mbili tatu ni kawaida. Jaribu mayai ya artemia, vidudu vidogo vya maji chumvi, yaliyoanguliwa, chakula kinachocheza humvuta. Kama wengine wanamfukuza, tatizo si hamu ya kula.

Wanahema juu ya maji. Oksijeni au amonia. Washa pampu ya hewa kwanza, pima baadaye. Amonia ikionekana, badilisha robo hadi nusu ya maji kwa maji yenye chumvi na joto sawa.

Umeme umekwenda. Pampu ya betri iwake mara moja, usilishe, usifungue kifuniko bila sababu. Usiku wa baridi funika tangi kwa blanketi ukiacha upenyo wa hewa.

Chumvi inapanda kila wiki. Umekuwa ukijazia maji chumvi. Chumvi haivukizi, kinachopungua ni maji. Jazia maji safi matupu kila siku, na maji chumvi yatumike tu siku ya kubadilisha.

Vidoa vyeupe vimeingia tangi kubwa. Usitie shaba humo. Toa samaki wote uwatibu kwenye beseni, na uache tangi bila samaki wiki 10 au 11, vimelea vikose pa kukaa. Konokono na kamba wanabaki, unawalisha kidogo.

Vumbi la kahawia limefunika kila kitu. Tangi changa, hupita lenyewe. Utando mwekundu wa kuteleza ni habari nyingine: unalisha kupita kiasi na maji hayasukumwi vya kutosha.

Konokono yuko chali. Mgeuze. Kama ananuka, mtoe sasa hivi.

Kamba amekufa. Labda. Dada mmoja wa Ntinda alinipigia usiku akilia, kamba wake amelala chini mweupe, mtupu, miguu yote imo. Nikamwambia amulike nyuma ya jiwe. Alikuwa huko, mzima, laini kama jeli, amejificha. Kamba hujivua gamba kila baada ya wiki chache, na hujificha siku moja au mbili hadi jipya liwe gumu. Gamba la zamani usilitoe. Mara nyingi hulila mwenyewe.